Mzazi Amefariki Nyumbani, Mtoto Yuko Ughaibuni: Afanye Nini?

Kutoka hapa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, leo nakuleteeni mazungumzo juu ya jambo linalowagusa wengi wetu tunaoishi ughaibuni, nalo ni amali ambazo mtoto anaweza kuwafanyia wazazi wake waliotangulia mbele ya haki.

Jambo hili si geni katika mji huu. Wamorocco waliokuja kufanya kazi migodini na viwandani kwa mkataba wa mwaka 1964 walizeekea hapa, lakini wengi walipofariki walirejeshwa kwao kuzikwa. Watoto wao wakabaki Brussels, mbali na makaburi. Nasi tuliotoka Mombasa, Unguja au Bujumbura tuko katika hali hiyo hiyo, na aghalabu hata mazishi hatuyawahi.

Sahaba Saad bin Ubada naye hakuwepo mama yake alipofariki. Alimuuliza Mtume Muhammad (SAW) iwapo sadaka atakayoitoa kwa niaba ya mama yake itamfaa. Alipojibiwa kuwa itamfaa, aliitoa bustani yake iwe sadaka. Kisa hicho kimepokewa na Imam Bukhari.

Hata hivyo, amali hizi zina utaratibu. La kwanza ni deni. Aya ya 11 ya Suratun Nisaa inatanguliza wasia na deni kabla ya kugawanywa mirathi. Basi kabla hatujatuma euro za pilau la hitima, tupige simu nyumbani tuulize: je, marehemu alikuwa akidaiwa, na nani?

Kisha kuna deni la Mwenyezi Mungu. Mwanamke wa kabila la Juhayna aliruhusiwa na Mtume kumhijia mama yake aliyekufa kabla ya kutimiza nadhiri ya Hija, na Hija hiyo ikafananishwa na deni. Lakini katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, anayemhijia mwingine sharti awe ameshajihijia mwenyewe.

Ama saumu ambayo mzazi aliweza kuilipa lakini hakuilipa, wako wanazuoni wanaosema mtoto amfungie, na wengine wanasema alishwe maskini kwa kila siku. Atakayefunga hapa ana nafuu mwezi wa Desemba, kwani jua huwa juu kwa takriban saa 8 tu. Sala za faradhi, kwa wanazuoni walio wengi, hazilipwi na mtu mwingine.

Wapenzi wasikilizaji, asiye na uwezo wa Hija wala bustani asivunjike moyo. Dua ya mtoto mwema imetajwa pamoja na sadaka yenye kuendelea na elimu yenye manufaa, na haihitaji nauli wala viza.