Shahidi wa Mkiani: Namna ya Kumkumbuka Mwanahewa Aliyekufa Vitani

Ndege ya Lancaster ilirushwa na watu saba: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtumia redio na wapiga rashasha wawili, mmoja mgongoni mwa ndege, mwingine peke yake mkiani. Kati ya wanahewa wapatao 125,000 wa Bomber Command, jeshi la ndege za mabomu la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, 55,573 walikufa.

Wapo wanaoshikilia kwamba kumtukuza mmoja wao kwa jina ni kuificha Hamburg ya Julai 1943 na Dresden ya Februari 1945, na kwamba kumbukumbu ya haki ni hesabu ya jumla tu. Uchungu ulio nyuma ya dai hilo ni wa kweli: makumi ya maelfu ya raia waliteketea kwa mabomu katika miji hiyo ya Ujerumani. Lakini kama njia ya kuandika historia, dai hilo ni bovu. Hesabu ya jumla haina usiku wala shabaha. Ndani yake aliyeichoma Hamburg na asiyeifikia kamwe ni mtu mmoja, na lawama inayomwangukia kila mtu haimfikii yeyote. Anayeitafuta kweli hana budi kushuka hadi kwenye ndege moja, usiku mmoja.

Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni 1944, Lancaster KB726 ya kikosi cha 419 cha Kanada ilikwenda kupiga reli za Cambrai, Ufaransa, ili askari wa Ujerumani wasifike upesi kwenye mapigano ya Normandy. Mashambulizi ya namna hiyo yaliua pia raia wa Kifaransa, na hilo liandikwe. Mpiga rashasha wa mgongoni alikuwa Andrew Mynarski, mzaliwa wa Winnipeg, mwana wa wahamiaji kutoka Poland. Ndege ya adui iliwashambulia, injini mbili za kushoto zikazimika, moto ukawaka, na rubani akaamuru waruke.

Yaliyofuata yanajulikana kwa ushahidi wa Pat Brophy, mpiga rashasha wa mkiani, na hakuna chanzo chenye thamani kuliko hicho. Kibanda chake cha rashasha kiligoma kuzunguka, naye akanaswa ndani. Alimwona Mynarski akiuacha mlango wa kutokea, akipita katikati ya moto na kuhangaika kumnasua. Brophy alimpungia mkono aende zake. Mynarski alirudi kinyumenyume, nguo na parachuti vikiwaka, akasimama wima, akapiga saluti, akaruka. Alikufa kwa majeraha ya moto. Ndege ilianguka na Brophy ndani yake, naye akatoka hai. Wenzao watano nao walinusurika. Mynarski alitunukiwa nishani ya ushujaa ya Victoria Cross mwaka 1946, na kaburi lake liko Méharicourt.

Brophy angekufa, kitendo hicho kingepotea. Basi nishani haipimi ushujaa wote uliokuwamo angani. Hupima ule uliobakiza shahidi. Kwenye ukumbusho wa Runnymede, Uingereza, yamechongwa majina zaidi ya 20,000 ya wanahewa wasio na kaburi linalojulikana. Wengi walipotea pamoja na wenzao wote, hakubaki wa kusimulia.

Kwa hao jina pekee halitoshi. Watunza kumbukumbu waandike kando ya kila jina nafasi ya mtu ndani ya ndege, usiku aliopotea na mji au reli aliyotumwa kuipiga, hata pale ambapo shabaha hiyo inawaumiza jamaa zake.