Pilau ya Harusi Ndani ya Hesabu ya Kalori



Nimekuja kukitetea kipande cha halua. Namaanisha ile halua ya Unguja, ya wanga, sukari, samli na iliki, inayokorogwa kwa saa nyingi mpaka mkono wa mpishi uchoke. Ninaitetea mbele ya watu wanaohesabu kalori, ambao siku hizi mjini ni wengi, na mimi ni mmoja wao. Hoja yangu ni kwamba anayepanga mlo wake kwa hesabu aitengee raha nafasi yake tangu mwanzo, kwa kiasi anachokijua. Nafasi hiyo ipo, ila imekaliwa na vitu ambavyo wala havitufurahishi.

Tuanze na kipimo. Kalori tunayoitaja kwenye chakula hasa ni kilokalori, yaani joto linalotosha kupandisha kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Katika miaka ya 1890, Wilbur Atwater wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimbo la Connecticut, Marekani, alitumia chumba kidogo kilichofungwa vizuri. Watu waliingia humo wakakaa siku kadhaa wakila, wakilala, wengine wakiendesha baiskeli isiyokwenda popote, huku joto la miili yao likichukuliwa na maji yaliyopita kwenye mabomba na kupimwa. Kazi ile ndiyo iliyotupa namba tunazotumia hadi leo: gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, na gramu 1 ya mafuta hutoa 9. Ni wastani, lakini ni wastani uliodumu zaidi ya karne moja.

Kwa namba hizo, hakuna kalori ya halali na kalori ya haramu. Sukari ya halua na wanga wa ugali, gramu kwa gramu, huupa mwili nguvu ileile. Tofauti iko kwenye kile kinachofuatana na nguvu hiyo. Maharage huja na protini, chuma na nyuzinyuzi. Halua huja na sukari na samli, basi. Ndiyo maana mlo kamili unabaki kuwa msingi na raha ikawa sehemu ndogo juu yake. Ninaowashauri huwaambia wasivuke sehemu 1 kati ya 10 ya kalori zao za wiki. Nasema wiki kwa makusudi, kwa sababu harusi haiji kila siku, na mwili hauanzi hesabu mpya saa sita usiku.

Sasa tukitazame kikombe cha chai kwa karibu, maana humo ndimo nafasi yetu ilimopotelea. Watu wengi tunatia vijiko vitatu vya sukari, tena vilivyojaa. Kijiko cha chai kilichojaa kina gramu 6 hivi. Kikombe kimoja basi kina gramu 18, na vikombe vitatu kwa siku vina gramu 54, sawa na kalori 216. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nguvu yote ya siku. Kwa mtu wa kalori 2,000, hiyo ni gramu 50. Mtu huyu ameshavuka mpaka kwa chai peke yake, kabla hajaona soda wala andazi. Naye ukimuuliza kama leo amekula kitu kitamu, atakuapia kwamba hajagusa.

Tumwombe apunguze kutoka vijiko vitatu hadi kimoja. Wiki za kwanza ataona chai imepooza, kisha ulimi utazoea. Atakuwa ameokoa gramu 36 kwa siku, kalori 144, na kwa wiki kalori 1,008. Jumamosi kuna harusi. Sahani ya pilau yenye nyama, iliyojaa kama wapishi wa shughuli wanavyojua kuijaza, tukadirie inazidi chakula chake cha kawaida cha mchana kwa kalori 300. Soda ya chupa ya mililita 350 ni kama 150. Kipande cha halua cha gramu 50 ni kama 200. Jumla 650. Amekula harusi nzima, amefurahi na wenzake, na katika zile kalori 1,000 alizookoa kwenye chai zimebaki zaidi ya 300.

Mafuta ya kupikia nayo yana habari hiyohiyo. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, na katika nyumba nyingi mafuta humiminwa kutoka kwenye dumu kwa kukisia tu. Anayemimina vijiko sita kwenye mchicha wa watu wanne ameongeza kalori 180 kwa kila mtu, na hakuna hata mmoja atakayezikumbuka. Chukueni kijiko, pimeni. Sijui ushauri wa lishe ulio rahisi kuliko huo wala wenye faida ya haraka zaidi.

Kwa nini basi nisiseme tu, acheni vitamu kabisa? Kwa sababu binadamu akikatazwa hivyo hufanya jambo ambalo limepimwa. Mwaka 1975 watafiti wawili, Peter Herman na Deborah Mack, waliwapa wasichana wa chuo kinywaji kizito cha maziwa na aiskrimu, wengine bilauri moja, wengine mbili, na wengine hawakupewa. Kisha wakawawekea aiskrimu waionje na kutoa maoni, wale kadiri wapendavyo. Wasiojizuia kula walikula kidogo zaidi kadiri walivyokunywa zaidi, kama tunavyotarajia kwa mtu aliyeshiba. Waliokuwa na mazoea ya kujizuia walikula aiskrimu nyingi zaidi baada ya kunywa. Waliona siku imeshaharibika. Potelea mbali, wakaendelea.

Hayo nayaona kila mwaka kwa watu ninaowapenda. Mtu anaonja kaimati mbili kwa jirani, anajiona ameshindwa, na jioni anamaliza sahani nzima akiapa kuanza upya Jumatatu. Kaimati mbili zingeandikwa mapema kwenye hesabu yake, zingebaki mbili.

Anayepanda mizani kesho yake baada ya harusi akaona kilo 1 imeongezeka asifadhaike. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni akiba ya kalori 7,700 hivi, na hakuna sahani ya pilau yenye ziada kubwa hivyo. Alichokiona zaidi ni maji: chumvi huyashikilia mwilini, na kila gramu ya wanga inayowekwa akiba kwenye misuli na ini huenda na gramu kama 3 za maji. Siku chache za kula kawaida zitayaondoa. Asifunge kula kwa kujiadhibu, maana adhabu hiyo ndiyo inayomrudisha kwenye potelea mbali.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili bila mizani. Halua huletwa na kahawa chungu katika vikombe vidogo. Unamega kidogo, unakunywa funda, mnazungumza, unamega tena. Uchungu wa kahawa huukata utamu, na mazungumzo huupunguza mkono kasi. Mwenyeji anaona umeheshimu karamu yake, nawe umekula kipande kidogo kwa nusu saa. Kipande hichohicho kikiliwa kwa kusimama mbele ya friji huisha kwa dakika moja, na mtu hurudia.

Wapo ambao hesabu hii si yao. Watoto wasihesabiwe kalori. Wajawazito na wenye kisukari wapange na mhudumu wao wa afya. Na yeyote ambaye kuhesabu kunamnyima usingizi au kumtia hofu ya chakula, namsihi aache leo, azungumze na mtaalamu.

Ombi langu la mwisho ni kwa chuo chetu. Programu nyingi za simu zinaijua pizza kuliko kisamvu. Mwaka 2008 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Chuo Kikuu cha Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania, na Kenya ilitoa ya kwake mwaka 2018. Majedwali hayo yanahesabu kwa gramu 100. Muuza chipsi hauzi kwa gramu 100, anauza kwa sahani; kitumbua ni kitumbua, na halua ni kipande. Tuwatume wanafunzi wetu na mizani sokoni, kwenye vibanda na kwenye shughuli, wapime sahani, kipande na kikombe kama vinavyouzwa, kisha orodha ibandikwe bure kwenye kila zahanati. Mizani za jikoni tunazo maabara, na muhula wa masika unaanza karibuni.