Kitanda cha Mgeni kutoka Tanga

Makala ya wiki hii yanaingia katika banda dogo nyuma ya nyumba moja mjini Leicester, Uingereza, ambamo mtoto wa seremala wa Tanga amechonga kitanda kwa mikono yake mwenyewe.

Bwana huyo ni dereva wa basi. Marehemu baba yake alikuwa fundi, lakini yeye aliondoka nyumbani kabla ya kuirithi kazi hiyo. Ughaibuni amelalia vitanda vya dukani, vya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Kila alipohama nyumba, parafujo zililegea katika matundu yake, na kitanda kikawa kinalia kila anapojigeuza. Hakujali sana, mpaka ilipofika habari kwamba mama yake amepata viza ya kuja kukaa naye miezi mitatu. Mama huyo ana maumivu ya magoti, na kwa miaka mingi kitanda chake ni kile cha mvule alichochongewa na mumewe.

Swali la kwanza lilikuwa la kimo. Kitanda kikiwa chini mno, mwenye magoti mabovu hupata taabu kuinuka. Kikiwa juu mno, miguu yake huning'inia. Bwana huyo alimpigia simu dada yake aliyeko Tanga, naye akachukua utepe wa cherehani, akampima mama kutoka kisiginoni hadi nyuma ya goti. Zilikuwa sentimita 44. Kwa godoro lenye unene wa sentimita 20, ambalo hubonyea kidogo likikaliwa, iliamuliwa kwamba chaga zilazwe sentimita 27 kutoka sakafuni.

Zikanunuliwa mbao za msonobari, zikawekwa ndani ya nyumba kwa wiki mbili. Jambo hili lina sababu yake. Mbao iliyokaa mahali penye unyevunyevu, ikiingizwa katika chumba kinachopashwa joto majira ya baridi, hukauka na kusinyaa. Husinyaa zaidi katika upana wake, wala si katika urefu. Fundi asiyeiachia mbao muda wa kuzoea chumba huja kuona viungo vimeachana baadaye.

Akishirikiana na binti yake wa miaka 11, aliandika kwa penseli juu ya kila kipande jina lake. Miguu minne ni matendegu. Mbao ndefu za ubavuni ni mifumbati. Zile fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo, na upande wa kulaza kichwa ndio mchago. Binti huyo, mzaliwa wa Leicester, alikuwa anajua neno kitanda tu.

Hapo ndipo lilipotokea kosa. Bwana huyo alikata mbao zake kwa kipimo cha nyumbani, tano kwa sita, yaani futi 5 kwa futi 6. Alipokwenda kununua godoro, akakuta la watu wawili nchini Uingereza lina upana wa sentimita 135 na urefu wa sentimita 190. Vitakizo vilikuwa vimezidi sentimita 17, na hivyo vilipunguzika. Lakini mifumbati ilipungua sentimita 7. Maji yakimwagika hayazoleki, na ubao uliokatwa hauongezeki. Ilimbidi anunue mingine. Ile mifupi aliipasua, akaigandisha miwili miwili kwa gundi, ikawa matendegu. Tangu siku hiyo humwambia kila anayemuuliza: godoro kwanza, msumeno baadaye.

Vitakizo viliingizwa katika matendegu kwa ulimi na tundu lililochimbwa kwa patasi, kisha vikatiwa gundi. Mifumbati, kwa upande wake, haikutiwa gundi hata tone, bali ilifungwa kwa bolti na nati. Ngazi za nyumba ile ni nyembamba, na kitanda kilichogandishwa chote bandani kisingefika chumbani. Isitoshe, mpangaji huhama. Bolti ikilegea hukazwa, kama vile wazee wa pwani walivyokiwamba upya kitanda cha kamba kilipolegea.

Chumbani, baba na binti walipima kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari, mara mbili. Vipimo viwili vilipolingana, walijua kwamba fremu haikupinda, wakakaza bolti. Katikati wakaweka mhimili wenye mguu wake, ili chaga zisizame kwa uzito. Chaga zenyewe zilipangwa kwa nafasi ya vidole vinne, godoro lipate hewa lisiote ukungu.

Mgeni aliwasili usiku wa Jumamosi, mwezi Novemba. Alipelekwa chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, na nyayo zake zikatua sakafuni. Hakusifu. Alipitisha kiganja juu ya mfumbati, akatafuta kiungo kwa kidole, kama afanyavyo mtu aliyeishi na seremala. Kisha akauliza:

“Mchago uko upande gani?”

Baba mtu alifungua kinywa kujibu, lakini binti alikuwa ameshatangulia kuweka mto.

“Huku, bibi.”