Kiwango cha Homoni katika Damu na Saratani ya Utando wa Mfuko wa Uzazi: Kinyama Kwanza



Nimeombwa nieleze kiwango cha homoni katika damu kinavyohusiana na hatima ya mgonjwa wa saratani ya utando wa mfuko wa uzazi. Ya msingi mnayajua. Estrojeni hukuza utando wa mfuko wa uzazi, projesteroni huutuliza. Tafiti zilizochapishwa Marekani mwaka 1975 zilionyesha kuwa wanawake waliotumia vidonge vya estrojeni pekee walipata saratani hii zaidi ya wenzao. Hedhi ikishakoma, mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni, ndiyo maana unene ni hatari. Mwaka 1983 Bokhman alitenganisha aina mbili: moja hufungamana na estrojeni, nyingine haiitegemei sana, nayo ni kali zaidi.

Niingie sasa kwenye linaloniumiza. Mama wa miaka 58, hedhi imeshakoma, anaona damu. Kwenye kituo cha afya anaambiwa homoni zimevurugika, anaandikiwa vipimo vya homoni, majibu yanasoma "kawaida", anapewa vidonge anarudi nyumbani. Anapofikishwa kwetu amebeba bahasha nene: estradioli, FSH, projesteroni, za maabara tatu tofauti, na hakuna hata karatasi moja ya patholojia. Viganja vyake vimepauka kwa upungufu wa damu. Silaumu kituo chochote, mazingira ya kazi tunayafahamu sote. Lakini wanawake hawa wanaendelea kuja, na wengi wangeweza kupona kwa upasuaji peke yake.

Kipimo cha homoni hakiwezi kujibu swali la mama huyu: je, damu hii ni ya saratani? Baada ya hedhi kukoma, estradioli kwa kawaida huwa chini ya pikogramu 20 kwa mililita, na mashine nyingi za kawaida hazisomi kwa uhakika kiwango cha chini hivyo. Hata zingesoma sawasawa, viwango vya wenye saratani na wasio nayo huingiliana. Tofauti zinazoonekana katika tafiti ni za makundi makubwa ya wanawake, hazimwamulii huyu aliyekaa mbele yako. Hatima yake inaelezwa na hatua ya ugonjwa, aina ya seli, na vipokezi vya homoni ndani ya uvimbe wenyewe, na vipokezi hivyo havionekani kwenye damu. Na hatari si ndogo: katika wanawake 100 wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, takriban 9 hukutwa na saratani hii.

Napendekeza kila mwanamke wa aina hiyo achukuliwe kinyama cha utando wa mfuko wa uzazi, au apewe rufaa ya kuchukuliwa, kabla ya kipimo chochote cha homoni. Kinyama kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kinyama, kisiwekwe kwenye maji ya dripu. Kikifika kimeoza hakisomeki tena. Fomu ionyeshe umri, mwaka hedhi ilipokoma, uzito, na kama anatumia tamoksifeni au homoni. Ultrasaundi ifanyike, ila utando mwembamba usiwe sababu ya kumrudisha nyumbani huku damu inaendelea, hasa mwenye faibroidi. Halmashauri zitenge fedha za formalini na za kusafirisha sampuli. "Homoni zimevurugika" isiandikwe kwenye faili la mwanamke wa umri huu bila jibu la patholojia. Nasisitiza tena: kinyama kwanza, homoni baadaye kama kuna sababu. Na namba ya simu ya mama, pamoja na ya ndugu yake mmoja, ziandikwe kwenye rejista siku kinyama kinapochukuliwa, ili majibu yakitoka atafutwe.