Oili ya Injini Ndogo: Soma Mkebe Kabla ya Kulipa

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vyenye pampu za maji)



Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukitazami mpaka mambo yaharibike, yaani oili ya pampu.

Kuna kikundi kimoja kilichochanga kidogo kidogo mpaka kikanunua pampu ya petroli. Wakati wa kiangazi, mtu aliyetumwa dukani akaleta oili ya kupima ndani ya chupa, haina jina wala namba. Akasema, "Oili ni oili." Siku si nyingi injini ikakwama, na sukuma wiki ikakauka shambani. Je, aliokoa pesa ama alizitupa?

Injini hizi hazina rejeta. Zinapozwa na hewa inayopita katikati ya zile mbavu za chuma kwenye silinda. Kwa hivyo zinapata moto sana, na oili ina kazi mbili: kulainisha vyuma, na kuondoa joto ndani. Tena oili yenyewe ni kidogo. Injini ya nguvu za farasi 5 na nusu huchukua kama lita 0.6 tu, na nyingi hazina filta ya oili. Uchafu hubaki humo humo.

Sasa tuchague namna gani?

Kwanza, jua injini yako. Ya mipigo minne ina mahali pake pa kutia oili. Ya mipigo miwili, oili huchanganywa na petroli, na ni oili ya aina nyingine. Msizibadilishe.

Pili, tazameni namba baada ya neno SAE. Namba 30 inafaa sehemu za joto. 10W-30 ni nyepesi asubuhi ya baridi, lakini ikipata moto inafanya kazi kama 30, basi inafaa pia sehemu za milimani. Mkiwa na shaka, kitabu kilichokuja na injini ndicho hakimu.

Tatu, tazameni herufi baada ya neno API. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. SJ, SL au SN ni sawa. SA na SB ni za zamani sana, ziacheni dukani.

Mkishanunua, kazi haijaisha. Injini mpya, mwageni oili ya kwanza baada ya saa 20 za kazi. Baadaye badilisheni kila saa 50 hadi 100, jinsi kitabu kinavyosema, na mapema zaidi penye vumbi. Mwageni injini ikiwa bado na joto kidogo, ndipo uchafu utoke. Kila asubuhi pimeni oili injini ikiwa imezimwa na imekaa sawasawa. Isipungue, wala isipite alama. Mmoja wenu aandike saa za kazi kwenye daftari. Oili chafu msimwage karibu na mto au kisima, maana maji hayo ndiyo tunayokunywa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkebe mmoja wa oili nzuri ni mchango mdogo. Injini nyingine ni kuanza kuchanga upya.

Sasa niko tayari kwa maswali.