Boksi Kabla ya Kiberiti


Boksi tunalolichoma jalalani laweza kumfundisha mtoto kanuni za mashine. Bandueni karatasi ya upande mmoja; mikunjo itakayojitokeza ndiyo meno ya gia. Igandisheni kwa gundi pembezoni mwa visahani viwili vya boksi: kimoja meno 12, kingine 36. Visimikeni kwenye vijiti, meno yakutane. Kidogo kikizunguka mara tatu, kikubwa huzunguka mara moja: mwendo hupungua, nguvu huongezeka. Meno yasipolingana, gia hukwama. Hapo mtoto ataelewa kwa nini baiskeli yenye gia hupanda mlima kwa wepesi.

Wazazi wenzangu, elimu iliyopita mikononi haisahauliki upesi. Kabla ya kuwasha kiberiti, mwiteni mtoto.