TUFIKIRI PAMOJA KABLA YA KUAMUA
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Pugu)



Kazi ya mkaguzi ni kusoma vitabu vya hesabu. Leo, hata hivyo, nataka tuzungumze juu ya jambo lisiloandikwa humo, nalo ni namna tunavyofikiri kabla ya kutoa fedha za wanachama. Mara nyingi hasara ninayoikuta katika hesabu haikuanzia kwa mweka hazina. Ilianzia mkutanoni, siku chama kilipoamua bila kuuliza.

Tuchukue mfano wa nchi yetu wenyewe. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mpango wa kulima karanga Tanganyika katika mamilioni ya ekari. Mashine ziliteremshwa bandarini Dar es Salaam, zikapita katika reli hii hii ya Pugu kwenda upande wa Kongwa. Yalikuwamo hata matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, ukavunja majembe na kuzishika karanga ardhini. Mvua nazo hazikutosha. Januari 1951 mpango ukaachwa, na paundi zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea.

Je, wapangaji wale walikuwa wajinga? La, hasha. Walikuwamo wataalamu wa kilimo na wa biashara. Lakini walianza kwa ukubwa kabla ya kujaribu kwa udogo. Hawakujifunza vya kutosha kwa Wagogo, ambao waliujua ukame wa nchi ile tangu vizazi. Na dalili mbaya zilipoonekana, kusimama kulikuwa kugumu kwa kuwa fedha nyingi zilikwisha kutumika.

Mabingwa wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1972 Irving Janis wa Marekani alieleza jinsi watu hodari, wakipenda mno kuafikiana, wanavyozima shaka zao wenyewe. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida iliyo sawa nayo inavyomfurahisha. Ndiyo maana huona afadhali aendelee kutoa fedha kuliko kukiri kwamba ameshapoteza.

Ndugu zangu, haya hayako mbali nasi. Chama kinataka mashine ya kusaga chakula cha kuku. Mwenyekiti anasema kwanza, wazee wanaitikia, mwenye shaka ananyamaza kwa heshima, na muhtasari unaandikwa: “Wajumbe wamekubali kwa kauli moja.” Arubuni ikishalipwa, fundi anasema umeme wa jengo hauiwezi mashine hiyo. Chama kinatoa fedha nyingine, ati arubuni isipotee. Ndugu, fedha iliyokwisha kutoka haiulizwi tena. La kuuliza ni hili: shilingi tunayotaka kuiongeza leo itarudi?

Napendekeza mambo manne. Kwanza, mwenyekiti atoe maoni yake mwisho. Pili, mjumbe mmoja apewe kazi ya kutafuta kasoro za kila mradi, wala asihesabiwe kuwa mpinzani. Tatu, katibu aandike katika muhtasari maswali na majibu, si azimio peke yake. Nne, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, mkutano uweke kikomo cha fedha na tarehe ya kuutazama mradi upya.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mali yenye daftari nayo hupotea, tena kwa stakabadhi safi kabisa, ikiwa uamuzi haukufikiriwa. Mkutano Mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Mwanachama anayeinua mkono kuuliza humo hachelewi kazi wala havunji umoja. Analinda fedha yake na ya jirani yake.